Ndoano ya tela ifungwe wapi? Somo la wenzo kutoka barabara ya Masasi hadi Newala

Ukitaka kupima kasi ya maji kuzama ardhini, unahitaji kitu kimoja kabla ya vingine vyote: maji. Inaonekana jambo dogo mpaka ufike Newala.

Uwanda wa juu wa Makonde una udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka sana. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu wala hayatengenezi mito. Yanazama chini kabisa na kwenda kutokea bondeni, kwenye chemchemi za miguuni mwa mwinuko. Ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama wa huko waliteremka bondeni na kupanda tena na maji kichwani. Ndiyo maana pia mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, kazi yake kubwa ni kusukuma maji kutoka bonde la Mitema kuyapandisha juu. Mwanafunzi wa udongo kama mimi anakwenda huko kupima sifa hiyohiyo. Unapigilia pete mbili za chuma ardhini, moja ndani ya nyingine, unajaza maji, halafu unaangalia saa. Kwenye kichanga kile pete zinakunywa ndoo baada ya ndoo. Kwa vipimo vya wiki moja nilihitaji zaidi ya lita elfu moja, na sikuwa tayari kwenda kumwaga mchangani maji ya bomba la kijiji ambayo watu wameyapangia foleni tangu alfajiri. Ilibidi tuje na yetu kutoka Masasi.

Usafiri wetu ulikuwa Toyota Coaster kuukuu. Ni Kosta lilelile unalolijua, ila viti vimeng'olewa, kumewekwa vitanda viwili, jiko la gesi, meza na makabati. Nyumba ya magurudumu. Ndani hapakuwa na nafasi ya tenki. Tukapata tela la ekseli moja, tukaweka tenki la lita 1,000 na vifaa, tukapeleka gari gereji moja likafungwe ndoano ya kuvutia. Kazi ilichukua asubuhi moja. Fundi alichomelea kipande cha chuma nyuma kabisa, chini ya bampa, akaweka ndoano, akapaka rangi nyeusi. Kwa kweli ilipendeza.

Ilikatika tukiwa tunapanda mlima kuelekea Newala. Hatukuwa kwenye mwendo mkali, gia ya pili tu. Tukasikia mlio kama wa bati kuchanika, gari likawa jepesi ghafla. Tela lilirudi nyuma peke yake na tani moja ya maji, likaacha barabara, likaegemea mkorosho. Muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa tumewapita watoto wawili wenye madumu, wakitembea ukingo uleule. Walikuwa wameshakata kona kuingia kwao. Bado nalikumbuka hilo kila nikiona tela barabarani.

Makala hii inaeleza kwa nini ile ndoano ilikatika. Jibu ni fizikia ya shule ya msingi, ile sura ya mashine rahisi, na linamhusu kila mtu anayetaka kufunga tela kwenye gari la zamani: basi dogo, pikapu, au gari la kuishi kama letu.

Swali tulilokosea

Siku ya pili gari lilirudi Masasi, kwa fundi mmoja mzee. Nilimwamkia, nikamweleza, halafu nikauliza swali ambalo nadhani kila mtu huliuliza: "Mzee, kwani Kosta haliwezi kuvuta tani moja na nusu?"

Alikuwa ameshalala chini ya gari. "Binti yangu, kuvuta linavuta. Wewe uliza limeshikwa wapi."

Akagonga chuma kwa nyundo, mara huku, mara kule. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilicholiwa na kutu hulia kama debe bovu. Kelele ya debe ilitoka palepale ndoano ilipokuwa imechomelewa. Akanionyesha kwamba kile kipande hakikuwa chesisi hata kidogo. Mwenye gari wa zamani aliongeza vyuma vyembamba nyuma ili apate sehemu ya mizigo. Chesisi yenyewe iliishia karibu mita moja kabla ya hapo. Ndoano yetu ilikuwa imening'inizwa kwenye rafu ya mabegi.

Kuvuta ni kazi ndogo kuliko unavyodhani

Tuanze na hesabu ya kuvuta, maana hapo ndipo wengi wanapoweka hofu yao yote.

Tela letu tupu ni kama kilo 400. Ongeza lita 1,000 za maji, ambazo ni kilo 1,000, na vifaa kilo 100. Jumla kilo 1,500. Je, ndoano inavutwa kwa nguvu ya kilo 1,500? Hapana. Uzito huo unabebwa na magurudumu ya tela. Ndoano inapambana na vitu viwili tu: ukinzani wa barabara na mteremko.

Kwenye lami tambarare ukinzani ni kidogo, karibu asilimia moja na nusu ya uzito. Kwa tela letu ni sawa na kilo 22 hivi. Mtu mzima mmoja anaweza kulisukuma, na sisi tuliwahi kulisukuma. Kwenye mchanga laini mambo yanabadilika, kwa sababu gurudumu linazama na kila mara linakuwa kama linapanda kijishimo chake lenyewe. Tukichukua asilimia 15, tunapata kilo 225. Sasa weka mlima wa asilimia 10, yaani unapanda mita moja kwa kila mita kumi za mwendo. Unaongeza kilo 150. Mchanga na mlima kwa pamoja vinatoa kilo 375.

Sasa linganisha na boliti. Kwenye kichwa cha boliti nzuri utaona namba zimeandikwa, kwa mfano 8.8. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 inakupa nguvu ya kukatika: niutoni 800 kwa kila milimita ya mraba. Ya pili inasema chuma kitaanza kunyooka moja kwa moja kikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo. Boliti ya milimita 12 yenye namba hiyo, ukiivuta kwa urefu wake, hukatika kwenye uzito wa karibu tani 7. Ukiikata kwa upande inastahimili zaidi ya nusu ya hapo. Yaani boliti moja tu ingeweza kulivuta tela letu mlimani na kubaki na akiba kubwa, hata ukiweka mishtuko ya mashimo.

Kwa hiyo kama ni suala la kuvuta tu, hata ile ndoano yetu ya kwanza ingefika Newala. Kilichoiua ni kitu kingine: kubeba.

Kubeba, na wenzo usiouona

Tela la ekseli moja halisimami lenyewe. Sehemu ya uzito wake lazima iegemee mbele, juu ya ndoano. Huo tuuite uzito wa pua. Kwa tela la kawaida inashauriwa uwe karibu asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote. Sisi tulikuwa kwenye asilimia 10: kilo 150 zinazokandamiza ndoano kwenda chini, muda wote, hata gari likiwa limesimama.

Kilo 150 si nyingi, wanaume wawili wakikaa kwenye bampa wanazifikia. Lakini angalia mahali zilipo. Kutoka ekseli ya nyuma ya Kosta letu hadi ndoano tulipima mita 2.1. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 3.9. Kumbuka mchoro wa wenzo wa darasani: egemeo katikati, jitihada upande mmoja, mzigo upande mwingine. Hapa egemeo ni ekseli ya nyuma. Ukikandamiza mkia, pua inanyanyuka.

Hesabu yake ni fupi. Kilo 150 mara mita 2.1, gawanya kwa mita 3.9, unapata kilo 81. Huo ndio uzito unaoondoka kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Na ekseli ya nyuma haibebi kilo 150 tu. Inabeba zile 150 pamoja na zile 81 zilizohama kutoka mbele, jumla kilo 231. Springi za gari la zamani zinalijua hilo kabla yako. Utaona gari limekaa kama mbwa aliyeketi, na usukani umekuwa mwepesi kwa namna isiyofurahisha.

Hii ndiyo sababu trekta linavuta vizuri hivyo. Pamoja na kuwa na injini yenye nguvu, ndoano yake ipo karibu sana na ekseli ya nyuma, hivyo mkono wa wenzo ni mfupi. Gari la kuishi ni kinyume chake kabisa. Mtengenezaji anataka nafasi ya vitanda, kwa hiyo mkia unarefushwa. Kila sentimita ya kitanda ni sentimita ya wenzo.

Sasa fikiria ile mita moja ya vyuma vyembamba iliyochomekwa nyuma ya chesisi. Gari likiruka tuta, uzito wa pua haubaki kilo 150. Tuseme unapanda mara tatu kwa kitambo kidogo: kilo 450 zinaning'inia kwenye ncha ya chuma kilichoshikiliwa upande mmoja tu, kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya tawi. Tawi haliulizi injini ina nguvu kiasi gani.

Uchovu wa chuma

Lakini kama ni hivyo, mbona ndoano haikukatika siku ya kwanza pale pale gereji?

Chukua waya wa baiskeli, ujaribu kuukata kwa kuuvuta. Hutaweza. Sasa ukunje huku na huku mara ishirini. Unakatika kama kijiti. Hakuna mkunjo hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata, ila yote kwa pamoja ilitosha. Wahandisi wanauita uchovu wa chuma.

Dunia ililisoma somo hili kwa gharama kubwa. Mei 8, 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilipinduka baada ya ekseli ya kichwa cha treni kukatika, na watu zaidi ya 50 walikufa. Ekseli hiyo haikuwa imezidiwa uzito siku ile. Ilikuwa imechoka. Miaka iliyofuata mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alitengeneza mashine za kukunja ekseli mara nyingi mno, akaonyesha kwamba chuma kinaweza kukatika chini kabisa ya nguvu yake ya kawaida, ikiwa utakirudia vya kutosha.

Je, sisi tulikirudia mara ngapi? Barabara nzima ya Mtwara–Newala–Masasi ni kilomita 210, na imekuwa ikiwekewa lami kwa vipande. Pale ambapo bado ni vumbi, unakutana na yale mawimbi madogomadogo kama mgongo wa bati. Chukulia wimbi moja kila sentimita 60. Ukienda kilomita 40 umepita mawimbi zaidi ya 66,000. Kila wimbi ni mkunjo mmoja wa waya wa baiskeli. Sisi hatukuwa na bahati mbaya mlimani. Tulikuwa tunahesabiwa tangu tulipotoka gereji.

Na uchovu huwa na mahali pa kuanzia: tundu lenye ncha kali, mkwaruzo, au ukingo wa sehemu iliyochomelewa. Kuchomelea si dhambi, magari yote yamechomelewa. Tatizo ni kuchomelea juu ya kutu, kwenye chuma chembamba, kwa mstari unaokatiza upande unaovutwa. Joto linabadilisha chuma kando ya mshono, mshono unaacha kijikona, na ufa unaanzia hapo kimyakimya chini ya rangi nyeusi inayopendeza.

Kutu nayo haikuanza kwetu. Magari mengi ya mtumba yanatoka Japani, na baadhi yalitumika mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Juu gari linang'aa, chini limeshaliwa. Usinunue ndoano kabla hujalala chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi. Bisibisi ikizama, mazungumzo yameisha.

Tulivyofunga upya

Mzee alikata vyuma vyote vya nyongeza na kuanza upya kutoka kwenye chesisi halisi. Nitaeleza alichofanya pamoja na sababu zake, kwa sababu sababu ndizo zitakazokusaidia kwenye gari lako.

Kwanza, alitafuta urefu wa kushika. Alikata vipande viwili vya chuma bapa cha milimita 8, kimoja kila upande, virefu kiasi cha kupita mbele ya mahali springi ya nyuma inaponing'inia. Kadiri unavyoshika chesisi kwa urefu, ndivyo nguvu ya kukunja inavyosambaa. Jaribu kushika fagio la mti mrefu kwa mkono mmoja mwishoni kabisa, halafu lishike kwa mikono miwili iliyoachana. Uzito ni uleule, lakini kiganja kinajua tofauti.

Pili, alichagua mahali pa kutoboa. Chesisi ya namna hii ina umbo la herufi C: ukuta wa wima, na kingo mbili, ya juu na ya chini. Ukikunja rula, upande wa juu unavutika, upande wa chini unabanwa, na katikati karibu hakuna kinachotokea. Chesisi ni hivyohivyo. Kingo ndizo zinazofanya kazi kubwa, kwa hiyo usizitoboe wala usizichomelee kwa kukatiza. Toboa ukuta wa wima, karibu na katikati, na kama kuna matundu ya kiwandani yatumie hayo.

Tatu, alitumia boliti nne za 8.8 kila upande, na nati za kujifunga ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Upande wa ndani aliweka kipande kingine cha bapa ili nati zisiume ukuta mwembamba peke yake. Kama chesisi ya gari lako ni boksi lililofungwa pande zote, kuna jambo la ziada: ukikaza boliti utaliponda boksi. Weka kipande cha bomba ndani yake, boliti ipite katikati, bomba ndilo lipokee mkazo.

Nne, chuma kinachounganisha pande mbili, kile kinachobeba ndoano, alikichomelea kwenye zile bapa nje ya gari, juu ya meza, chuma kikiwa kisafi. Kwenye chesisi yenyewe hakuchomelea hata nukta. Na kama ni lazima uchomelee gari, chomoa betri kwanza, na ubane waya wa ethi karibu kabisa na unapochomelea, la sivyo umeme utatafuta njia nyingine kupitia altaneta.

Tano, kimo. Kanuni za Ulaya zinataka kitovu cha mpira wa ndoano kiwe kati ya sentimita 35 na 42 kutoka ardhini gari likiwa limebeba mzigo. Lengo ni tela likae sawa na ardhi, au pua ishuke kidogo. Pua ikiwa juu, uzito unakimbilia nyuma.

Sita, kipimo cha mpira wenyewe. Hapa kwetu tela linaweza kuwa limetoka nchi moja na ndoano nchi nyingine. Mpira wa kawaida duniani ni milimita 50. Wamarekani wanayo mipira ya inchi, mmojawapo ni inchi 1 na 7/8, ambao ni milimita 47.6. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Ukiuweka kwenye kikombe cha milimita 50 utafunga vizuri tu, halafu utachomoka kwenye tuta. Pima.

Mwisho, minyororo miwili, imepishana kama msalaba chini ya kiungo, imefungwa kwenye chesisi na si kwenye ndoano. Ndoano ikikatika, pua ya tela inadondokea kwenye minyororo na inabaki nyuma ya gari. Sisi safari ya kwanza hatukuwa nayo. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko chakula chetu cha siku mbili.

Baada ya kilomita 50 hivi za kwanza, simama ukaze boliti zote tena. Rangi na kutu vilivyobanwa katikati hupungua, na mkazo hupungua navyo.

Madumu ni bora kuliko tenki

Ndoano ikiwa imara, nusu ya usalama bado ipo ndani ya tela. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya tela, uzito wa pua unapotea na mkia unaanza kucheza kushoto na kulia. Kadiri unavyokimbia, ndivyo mchezo unavyokua, mpaka tela linaamua liende wapi na gari linafuata.

Kwetu, kutoka kikombe cha ndoano hadi ekseli ya tela ni mita 3. Kitovu cha mzigo wote kikiwa sentimita 30 mbele ya ekseli, uzito wa pua ni kilo 1,500 mara 0.3, gawanya kwa 3: kilo 150. Kikiwa sentimita 15 mbele, ni kilo 75. Kikiwa sentimita 10 nyuma, tela linanyanyua mkia wa gari. Tofauti kati ya salama na hatari ni kama urefu wa rula ya mwanafunzi.

Tuliuhakikisha uzito huo kwa mizani ya korosho. Kijijini hakuna kifaa cha kupimia ndoano, ila mizani ya jukwaa ya kupimia magunia ipo, na nje ya msimu inakaa bure. Tukaomba, tukaegesha pua ya tela juu yake kwa kutumia gogo lenye kimo sawa na ndoano, tukasoma namba. Kama tela lako ni dogo, hata mizani ya kupimia watu inatosha.

Kisha tukaacha tenki. Tenki lililojaa pomoni halina shida. Lakini ukishatumia nusu, maji yanaanza kutembea: ukikanyaga breki yanapiga mbele, ukikanyaga mafuta yanapiga nyuma, ukikata kona yanapanda ubavu. Yanafanya hivyo wakati uleule unaohitaji tela litulie. Madumu 50 ya lita 20 ni lita 1,000 zilezile, lakini kila dumu ni chumba chake. Maji hayana pa kukimbilia. Na zaidi ya hapo, unapoyatumia unaweza kuyapanga upya, madumu mawili mbele, manne katikati, mpaka mizani ikubali. Akina mama wa Newala hawakuhitaji makala hii kujua kwamba dumu lililojaa na kufungwa ni rahisi kubeba kuliko ndoo ya nusu inayocheza.

Taa zilizoungua zote kwa pamoja

Siku tunaunganisha waya wa taa za tela, taa ziliwaka kwa uzuri wa ajabu kwa sekunde chache, halafu giza. Kosta letu lina betri mbili zilizoungwa kutoa volti 24, kama magari mengi ya dizeli ya aina hiyo. Taa za tela zilikuwa za volti 12. Nguvu ya umeme inafuata mraba wa volti: ukizidisha volti kwa mbili, nguvu inaelekea mara nne. Balbu ya wati 21 ikaambiwa ifanye kazi ya zaidi ya wati 80. Nunua balbu za volti sahihi kabla hujaunga chochote. Usiibie volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo mbili, itakufa mapema kuliko mwenzake.

Kupanda ni nguvu, kushuka ni joto

Safari ya kurudi Masasi ndiyo inayotakiwa kukuogopesha. Tuseme Kosta lina kilo 4,000 na tela kilo 1,500, na unateremka kimo cha mita 300. Nishati yote ile uliyoilipia mafuta wakati wa kupanda inarudi, na lazima iende mahali. Ukizidisha kilo 5,500 kwa 9.8 kwa 300 unapata juli milioni 16. Joto hilo linaweza kuchukua lita 50 za maji ya kawaida na kuyafikisha kutokota. Ndoo mbili na nusu. Sasa fikiria joto lote hilo linaingia kwenye vyuma vya breki za gari la zamani, kwa dakika chache, kwa sababu tela letu halina breki zake.

Breki ikipata joto kupita kiasi inapoteza mshiko, na mafuta ya breki yaliyozeeka yanaweza kuchemka. Ukikanyaga, pedali inazama. Njia ni ile madereva wa malori wanayoijua: teremka kwa gia ndogo uliyoingiza kabla ya mteremko kuanza, injini ishike kazi, breki uiguse kwa vipindi. Na kama una nafasi ya kuchagua, mwaga maji yote juu. Sisi tulirudi na madumu matupu. Kilo elfu moja zilibaki Newala, ardhini, zikiwa zimeshapimwa.

Kabla ya kuondoka

Ukimpelekea fundi gari lako, haya ndiyo maswali ya kumuuliza, kwa mpangilio huu:

1. Chesisi halisi inaishia wapi, na je, ni nzima ukiigonga?
2. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ndoano ni mita ngapi, na uzito wa mbele utapungua kiasi gani?
3. Boliti zinapita ukuta wa wima au kingo? Zimeandikwa namba gani?
4. Mpira na kikombe vina kipimo kimoja?
5. Minyororo imefungwa kwenye nini?
6. Uzito wa pua ni kilo ngapi kwenye mizani, sio kwa macho?
7. Volti za gari na za taa za tela zinafanana?

Jibu la swali la kwanza likiwa baya, usiendelee na la pili. Kuna magari ambayo hayastahili kuvuta tela, hata yakiwa na injini nzima, na kukubali hivyo ni nafuu kuliko kurudi kufuata tela kwenye mkorosho wa mtu.

Wenye mkorosho, tulikwenda kuwaona. Shina lilikuwa limechubuka ila halikuvunjika. Baba mwenye shamba alikataa fidia, akaomba maji yaliyobaki kwenye tenki. Tulimjazia mapipa yote aliyokuwa nayo.

Safari ya pili tulipita palepale tukiwa na ndoano mpya na minyororo. Nilimwomba dereva asimame, nikashuka na nyundo, nikagonga chuma pande zote mbili. Kililia kengele. Tukaendelea kupanda.